Kutunza: Tafakari juu ya Deni la Mpenzi wa Muziki

Kitenzi "kutunza" kina maana mbili ambazo wasemaji wa Kiswahili huzitumia kila siku bila kustaajabu kwamba zimelala katika neno moja. Maana ya kwanza ni kuangalia kitu kisiharibike wala kisipotee, kama mtu anavyotunza shamba, mtoto au nyaraka za ukoo. Maana ya pili, ambayo wengine huitamka "kutuza", ni kumpa mwimbaji au mcheza ngoma zawadi, aghalabu fedha, mbele ya watu na wakati ule ule anapofurahisha. Mtu anayependa muziki hujikuta anadaiwa tunza zote mbili, kwa sababu wimbo usiohifadhiwa hufa pamoja na waliousikia, na mwanamuziki asiyezawadiwa huacha kuimba au hufa maskini. Mjadala kuhusu kupakua nyimbo kutoka kwenye intaneti, ambao kwa kawaida huendeshwa kwa maneno ya wizi na sheria, hueleweka vizuri zaidi ukitazamwa kama historia ya namna maana hizo mbili zilivyoachana, na ya majaribio ya kuzirudisha pamoja.

Inafaa kuanza na mpenzi mwenyewe. Katika miji ya Afrika Mashariki anayefuata muziki kwa moyo huitwa mpenzi au shabiki, na ingawa majina hayo hubadilishana nafasi katika mazungumzo, yanadokeza mielekeo tofauti, kwa maana mpenzi ameshikwa na sauti au wimbo, ilhali shabiki amechagua upande, na mwenye upande hakosi mpinzani. Muziki wa dansi wa Dar es Salaam, yaani muziki wa bendi zenye magitaa, ngoma na ala za kupuliza uliokua kutokana na rumba, ulijengwa juu ya mielekeo yote miwili. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ambayo jina lake lilibadilika kadiri chama chenyewe kilivyobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi ikabaki Msondo Ngoma, ilipata mpinzani mwaka 1978 ilipoundwa Mlimani Park Orchestra, ambayo mtindo wake ni Sikinde. "Mtindo" hapa ni zaidi ya jina la kujitangaza: ni alama ya mpangilio wa magitaa, mwendo wa besi na namna ala za kupuliza zinavyojibu sauti, kiasi kwamba msikilizaji mzoefu huitambua bendi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hata hivyo, wanamuziki walihama. Muhiddin Maalim Gurumo, ambaye sauti yake ilihusishwa sana na NUTA, alikuwa miongoni mwa waliounda Mlimani Park, na baadaye alirudi tena Msondo. Kila uhamisho wa namna hiyo ulimpa msikilizaji mtihani wa kujijua, kwa kuwa aliyebaki na bendi alijithibitisha kuwa shabiki, na aliyeifuata sauti ilikokwenda alijithibitisha kuwa mpenzi.

Ladha ya muziki, hata hivyo, haiamuliwi na moyo peke yake. Chombo kinachobeba sauti nacho hulifundisha sikio lipende nini. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, sahani za santuri za wakati huo zilibeba kiasi cha dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo wimbo uliozoea kupanuka barazani, kwa kurudiwa na kuitikiwa kadiri ya furaha ya waliohudhuria, ulilazimika kukatwa uenee katika kipimo cha kiwandani. Miongo minne baadaye, bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zilirekodi kwenye sahani ndogo ambazo wimbo mmoja uligawanywa pande mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ilhali wimbo wa dansi ukumbini ni mwili mmoja unaoanza kwa maneno ya utulivu, yenye kisa na mafunzo, kisha ukageukia sehemu ya kasi iitwayo chemko, ambapo magitaa huchukua usukani na wachezaji hujaza sakafu. Sahani ilipasua mwili huo pale pale ulipokuwa unapata joto, na mpenzi akajifunza kuinuka, kugeuza sahani na kuishusha sindano, akiwa yeye mwenyewe ndiye daraja kati ya kisa na chemko. Kukatika huko kulikuwa kasoro ya kiufundi, lakini kulimpa msikilizaji kazi ya kufanya, na kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mapenzi.

Tanzania, kwa upande wake, haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na mpaka wake na Kenya, ambako viwanda vilikuwapo, ulifungwa kuanzia mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, hadi 1983. Nyimbo nyingi zinazohesabiwa leo kuwa hazina ya muziki wa dansi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa kwenye tepu za redio hiyo, zikapigwa hewani kwa wasikilizaji wa nchi nzima, na kwa muda mrefu hazikuwa na duka la kuuzia. Wimbo uliofahamika kila kijiji ulikuwa mali isiyonunulika. Mpenzi aliyeutaka hakuwa na njia ila kukaa karibu na redio-kaseti yake, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, akisubiri mtangazaji amalize kusema. Kanda ya kaseti, chombo kilichozinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ndiyo iliyomwezesha, na vibanda vya kurekodia kanda viliendeleza kazi hiyo mijini, mteja akileta orodha ya nyimbo na kanda tupu ya dakika 60 au 90, kisha akirudi baadaye kuchukua uteuzi uliotokana na ladha yake na, mara nyingi, na ushauri wa mwenye kibanda.

Hapa ndipo hukumu ya haraka dhidi ya kunakili inapokwama. Katika Dar es Salaam ya miaka hiyo, aliyenakili wimbo kutoka redioni hakumpokonya mwanamuziki mauzo, kwa kuwa mauzo hayakuwapo. Alichofanya ni kuutunza wimbo kwa maana ya kwanza ya neno, na nakala zilizobaki majumbani zimekuwa ushahidi wa namna muziki huo ulivyosikika. Mjini Nairobi, ambako kulikuwa na viwanda vya santuri, studio na maduka ya muziki ya River Road, kitendo kile kile cha kunakili kanda kilikula soko lililokuwa likilisha wanamuziki, wapiga ala wa studio na wauzaji, na biashara ya santuri ilidhoofika sana katika miaka ya 1980. Mombasa ilikuwa na hali ya tatu, kwa kuwa huko maduka kama Mbwana Radio Service yalisambaza kanda za taarabu za kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na nyingine zilirekodiwa harusini, zikiwa na vigelegele na kelele za wageni ndani yake, kwa hiyo kanda ilimfikishia mnunuzi wimbo pamoja na shughuli yenyewe. Kitendo kimoja, katika miji mitatu iliyokaribiana, kilizaa matokeo matatu. Thamani ya kunakili haikutegemea mashine, ilitegemea kama mwanamuziki alikuwa na njia nyingine ya kutunzwa.

Njia hiyo nyingine, kwa karne nzima, imekuwa ukumbi. Katika onyesho la taarabu, kutunza ni tendo lenye hatua na adabu zake. Msikilizaji, aghalabu mwanamke aliyevaa kwa ajili ya siku hiyo, huinuka kitini, huelekea jukwaani kwa mwendo wa madaha unaofuata mapigo, noti ikiwa juu ili ionekane, kisha humkabidhi mwimbaji au humbandika, na wakati mwingine husimama hapo hapo akiimba ubeti uliomgusa huku akiangalia upande anaoujua mwenyewe. Kwa kuwa mashairi ya taarabu hujengwa kwa mafumbo, yaani maneno yanayosema jambo moja na kukusudia jingine, tunza huwa pia ni tafsiri, kwani anayeinuka kwenye ubeti fulani anautangazia ukumbi kwamba maneno hayo ni yake, na aliyekusudiwa, kama yumo, hubaki ameyapokea. Miaka ya 1990, kundi la TOT lenye Khadija Kopa na kundi la Muungano lenye Nasma Khamis yaliposhindana kwa mipasho, yaani nyimbo za kurushiana vijembe waziwazi, utunzaji huo ulikuwa pia kura ya hadhara, na fedha iliyotoka mkononi mwa msikilizaji ilikuwa na uso, wakati na sababu.

Ndiyo maana kumbukumbu ya onyesho hutofautiana na kumbukumbu ya kanda. Mpenzi anayesimulia usiku wa zamani kwa nadra hukumbuka orodha ya nyimbo. Hukumbuka chemko lililorefushwa kwa sababu wachezaji walikataa kutoka sakafuni, mwimbaji aliyebadilisha neno moja kwa ajili ya mtu aliyekuwa mezani mbele, au mpiga solo aliyetafuta njia mpya ndani ya wimbo wa siku zote. Mambo hayo hayakurekodiwa, na huenda kutokurekodiwa ndiko kunakoyafanya yasimuliwe. Wanamuziki wa Kongo walipata njia yao ya kuunganisha ukumbi na studio kupitia desturi iitwayo libanga, neno la Kilingala lenye maana ya jiwe, ambapo mwimbaji hulitaja ndani ya wimbo jina la mfadhili aliyetoa fedha. Wengi hulikejeli libanga kwamba ni sifa za kununuliwa, lakini kwa mtazamo wa tafakari hii lina ustadi wake, kwa sababu tunza iliyotolewa mara moja imefungwa ndani ya hifadhi yenyewe, na kila anayenakili wimbo huo, alipie asilipie, analibeba jina la aliyelipa.

Maonyesho ya kisasa yamebadili sura ya deni hilo. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, linategemea kiingilio cha mlangoni pamoja na wafadhili, na mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, jambo linaloonyesha kwamba hata ukumbi uliojaa hautoshi kulipia jukwaa. Bi Kidude, aliyepata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa mkongwe na aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa wapenzi wengi wa nje kupitia majukwaa ya aina hiyo, ilhali nyumbani alikuwa kwanza mpiga ngoma wa unyago na mwimbaji wa shughuli za watu. Mwenye tiketi amelipa kabla ya kusikia, na amelipa sawa na jirani yake; mwenye kutunza hulipa baada ya kuguswa, na kwa kadiri alivyoguswa. Tiketi ina haki yake na ina uhakika wake, ila haina tafsiri.

Hapo ndipo kupakua kunapoingia. Lugha imelipa tendo hili neno la zamani, kwa maana kabla ya intaneti watu walipakua chakula kutoka chunguni na shehena kutoka jahazini, na katika matukio yote mawili kitu kilichopakuliwa huondoka kilipokuwa, chungu kikapungua na jahazi likabaki jepesi. Wimbo wa kidijitali haupungui. Faili la MP3, ambalo ni namna ya kuifinya sauti kwa kutupa sehemu ambazo sikio la binadamu halizitambui kwa urahisi, huweza kuchukua takribani megabaiti moja kwa dakika, mahali ambapo diski ya CD huhitaji megabaiti kumi hivi, na likishanakiliwa, nakala na asili hazitofautiani. Mwizi wa mbuzi humwacha mwenye mbuzi bila mbuzi. Anayepakua wimbo bila idhini humwachia mwanamuziki wimbo wake kamili, lakini humwondolea malipo ambayo huenda yangekuja. Dhamiri iliyolelewa na mifano ya mbuzi na shamba haisumbuki kwa urahisi na hasara isiyoonekana, na hilo linaeleza ni kwa nini huduma ya Napster, iliyoruhusu watu kubadilishana mafaili ya muziki bure, ilienea haraka mno kati ya kuanzishwa kwake mwaka 1999 na kusimamishwa mwaka 2001 kwa nguvu ya mahakama za Marekani.

Hata hivyo, katika Afrika Mashariki ni kosa kudhani kwamba mpenzi alikataa kulipa. Intaneti ilipokuwa bado ghali na simu zenye kadi ya kumbukumbu zilipoenea, vibanda vyenye kompyuta vilichukua nafasi ya vibanda vya kanda, na mteja aliyetaka kurushiwa nyimbo, kama inavyosemwa, alilipa kwa idadi ya nyimbo au kwa kujaziwa kadi nzima. Baadaye, bando za simu ziliposhuka bei, alinunua bando, akapakua mwenyewe. Mara zote mbili alitoa fedha kwa ajili ya muziki. Fedha hiyo iliishia kwa mwenye kompyuta au kwa kampuni ya simu, na aliyeimba hakuiona. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko hili wimbo mzuri ndio uliojitembeza kila kona bila kujiuza popote. Lawama iliyoelekezwa kwa msikilizaji peke yake, kana kwamba ubahili wake ndio chanzo cha tatizo, ilipuuza jambo lililo wazi, kwamba tunza ilikuwa ikitolewa kila siku, ila ilikuwa ikipita mkono usio wake.

Huduma zenye leseni zimejaribu kunyoosha njia hiyo. Mdundo, iliyoanzia Kenya, ilichagua kupakua kwenyewe kama msingi wa biashara. Boomplay ilianza mwaka 2015. Spotify ilifika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Katika huduma nyingi za kusikiliza mtandaoni, ambapo wimbo hutiririka hadi kwenye simu bila kumilikiwa na msikilizaji, fedha za wanachama na matangazo hukusanywa katika fungu moja, kisha hugawanywa kwa kadiri ya mara ambazo kila wimbo umepigwa. Matokeo yake ni kwamba ada ya mtu asikilizaye taarabu ya zamani peke yake huenda, kwa sehemu kubwa, kwa wasanii wanaosikilizwa na wengine. Huduma hiyo hutuza bila uso, na wala haihifadhi, kwa kuwa mkataba ukiisha wimbo huweza kuondolewa, na mwanachama asiyelipa mwezi ujao hubaki mikono mitupu. Kibanda cha kurushia nyimbo kilitunza bila kutuza. Huduma ya kutiririsha hutuza kidogo bila kutunza.

Sheria nayo imefanya sehemu yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inatenganisha hakimiliki, ambayo ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake, na hakishiriki, ambayo ni haki ya wale wanaoifikisha kazi hiyo kwa watu, kama waimbaji, watayarishaji wa rekodi na vituo vya utangazaji. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo tungo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1979, zina ulinzi hadi mwaka 2029. Baadhi ya nchi zilikubali zamani kwamba kunakili nyumbani hakuzuiliki, zikatoza vifaa vyenyewe ili fedha iwafikie watunzi. Ujerumani ilianza mwaka 1965, na Tanzania imeingiza tozo ya jamii hiyo katika sheria zake katika miaka ya karibuni. Tozo hiyo ni aina ya tunza ya kukisia, ambapo dola huinuka kitini kwa niaba ya msikilizaji. Ina manufaa, lakini haijui ni ubeti gani uliomwinua.

Kutokana na hayo, wajibu wa mpenzi hauwezi kuandikwa kwa kanuni moja. Wimbo mpya wa msanii aliye hai, unaouzwa kwa bei ya kikombe cha chai, ukipakuliwa kwa njia ya mkato hauna utetezi wa kanda za miaka ya 1970, kwa sababu duka lipo na mwimbaji yupo. Wimbo wa bendi iliyokufa, ambao hakuna anayeuuza na ambao tepu yake inazeeka, humfanya anayeunakili na kuuandikia majina ya waimbaji, mwaka na studio kuwa mhifadhi. Lakini uhifadhi huo haumsamehei sehemu ya pili ya deni, kwa maana warithi wapo, wapiga ala wazee wapo, na bendi za Msondo na Sikinde hazikungoja makumbusho ili zipande jukwaani. Mtunzi na mtunzaji, ingawa majina yao yametoka katika vitenzi tofauti, wanahitajiana kuliko sheria inavyoweza kuwaunganisha.

Kumbi za taarabu za leo zimeanza kuonyesha sura ya mapatano ambayo hakuna aliyeyapanga. Msikilizaji huinuka kama walivyoinuka waliomtangulia, kwa madaha yale yale, akielekea jukwaani katikati ya ubeti uliomgusa. Mkono wake wa kulia umeinua noti, na wa kushoto umeinua simu inayorekodi. Picha itakayobaki simuni itatikisika na sauti itakwaruza, na pengine kesho itasambaa kwa watu ambao hawakulipa chochote. Lakini kwa muda wa ubeti ule mmoja, mikono yake miwili inafanya kazi ya kitenzi kimoja.